Mwaka Niliooshwa Mapafu

Ulemu alinipigia simu nikiwa nimeinama juu ya beseni, mikono imejaa povu, na kwa muda sikumwelewa. Hakusema kwamba Daktari Tamanda amefariki. Alisema kwa Kichewa, kwa ile sauti yake ya unesi isiyopanda wala kushuka, "Atisiya, achemwali," ametuacha, dada yangu, nami nikamuuliza ametuacha amekwenda wapi, kwa kuwa daktari alikuwa mtu wa safari, leo Blantyre, kesho ng'ambo. Ulemu akalirudia lile neno moja, polepole, nami nikaelewa. Nikamaliza kufua. Nikaanika shuka, nikaanika sketi, nikamwaga maji machafu mbali na mlango wa jirani, kisha nikaingia ndani kutafuta kitambaa cha kichwa cha kuvaa msibani.

Kesho yake niliondoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka asubuhi nikashuka Lilongwe, mpaka nyumbani kwa mama yake daktari, mtaa wa Area 18. Makochi yalikuwa yametolewa nje chini ya turubai, wanaume wamekaa juu yake, na sisi wanawake tumejaa sebuleni juu ya mikeka, miguu imenyooshwa upande mmoja. Tulikula nsima, ugali wa kwao, na kabichi na maharage. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Mmoja alisema marehemu hakuacha mtoto. Mwingine akasema aliacha kazi kubwa. Wa kwanza akajibu kwamba kazi haimlilii mtu. Kisha nikasikia, kwa kuwa walidhani Mkongo hajui Kichewa, "Na huyu je? Amekaa tangu asubuhi, jicho kavu kama jiwe." Sikugeuka. Niliwahi kusemwa hivyo kwenye msiba mwingine, na wakati ule maneno hayo yalikaribia kunitoa kambini.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule ambao mimi na dada yangu Zawadi tulikuwa tukikaa chumba kimoja Dzaleka, mwanzoni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilimwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kule Bukavu. Jinsi tulivyofika Malawi, na nani alibaki njiani, nimeshayaeleza kwa watu wengi wenye kalamu mkononi, na sitayarudia hapa. Nitaeleza chumba. Kilikuwa cha matofali mabichi, kimepigwa udongo mweupe ndani, na dirisha lake lilikuwa la ukubwa wa sinia. Pazia la kitenge lilitenga kitanda na mahali pa kazi. Upande wa kazi kulikuwa na cherehani ya Yaya, ya kukanyaga kwa mguu, na vipande vya vitambaa vimelundikana chini hata ukitembea unajisikia kama unatembea juu ya mnyama aliyelala. Upande wa pili kulikuwa na kitanda kimoja. Tulilala wawili, yeye ukutani, mimi ukingoni, tukifunika kichwa kwa blanketi moja wakati wa baridi ya mwezi wa sita, pumzi yake ikinipiga shingoni. Naitaja pumzi hiyo kwa sababu baadaye watu wengi waliniuliza habari zake, madaktari na majirani, kila mmoja na nia yake.

Yaya alianza kukohoa wakati wa mavumbi. Kila mtu Dzaleka hukohoa wakati wa mavumbi, kwa hiyo hatukushtuka. "Hii ni vitambaa," alikuwa akisema, akikung'uta pamba kwenye sketi yake. "Mi niko muzima. Leta chai." Alikuwa mwembamba tangu zamani, na alikuwa mtu wa mizaha, kwa hiyo alipozidi kukonda alisema sasa anashona nguo zake kwa kitambaa kidogo, ni faida. Mvua zikaja, mavumbi yakalala, kikohozi kikabaki. Ndipo Mama Furaha, mama aliyetoka Fizi, Kongo, aliyekuwa akiuza mboga mbele ya mlango wetu na ambaye tulisali naye kanisa moja, alimwambia waziwazi: "Zawadi, ile kikohozi haiko ya mavumbi tena. Wende bakupime." Tulikwenda zahanati pamoja. Alitema kwenye kikopo. Tulipoitwa kupewa majibu nilijua kabla hatujaingia, kwa kuwa nesi alifungua dirisha kwanza.

Kifua kikuu. Sisi tunakiita tebe. Yaya alianzishiwa dawa siku hiyo hiyo, na mimi nikapimwa pia, maana ndimi niliyelala naye. Walinidunga ngozi ya mkono wakasubiri ivimbe. Haikuvimba. Wakanitoa damu wakaipima kwa njia nyingine, nayo ikasema hapana. Nesi wa zahanati akafurahi, lakini kulikuwa na nesi mwingine chumbani, wa kutoka Lilongwe, na yeye hakufurahi wala hakuhuzunika. Aliniangalia tu kama mtu anayetazama kitu alichokuwa akikitafuta. Huyo ndiye Ulemu. Alikuwa na kisanduku cha barafu alichokibeba begani kwa mkanda, na alikuwa akifanya kazi katika utafiti uliokuwa ukiwatafuta watu wa aina yangu: waliolala karibu kabisa na mgonjwa, miezi na miezi, bila vijidudu kuwashika.

Daktari Tamanda alikuja wiki iliyofuata kutueleza. Nilitegemea mtu mzima wa miwani. Alikuja mwanamke wa rika langu, mrefu, nywele zimesukwa vibaya kidogo upande mmoja, akaketi nasi kwenye benchi la nje la zahanati na kuomba ruhusa kabla ya kuongea. Alisema kwa Kiingereza cha polepole, nami nikamfasiria Yaya, maana Kifaransa cha shule kilinisaidia kuyakamata yale maneno marefu. Alisema kinga nyingi za mwilini zinapaswa kufundishwa: adui anaingia, zinamsoma, zinajizidisha, wiki zinapita ndipo zinaanza vita. Lakini ziko seli nyingine, zinaitwa seli T kama zile, ila zenyewe zinazaliwa zikiwa tayari zinajua nusu ya kazi. Hazisubiri masomo. Nyingi hazikai kwenye damu. Zinakaa mapafuni, kwenye ini, kwenye utumbo, pale adui anapopitia. Akisogea tu, zinaamka ndani ya saa chache. Yeye na wenzake walitaka kujua kama hizo ndizo zinazowalinda watu kama mimi. Nilipomaliza kufasiri Yaya alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata mu damu kuko benye habakusoma," alisema, "na njo benye kufanya kazi!" Nilimfasiria daktari: hata kwenye damu wapo wasiosoma, na ndio wafanyao kazi. Alicheka naye, na nadhani kuanzia hapo hakuwa tena mgeni kwetu.

Sote wawili tulikubali. Ulemu alikuja mara kwa mara kututoa damu, Yaya na mimi, na kila mara kipimo changu kilisema hapana. Kisha daktari akaomba jambo kubwa zaidi: niende Lilongwe nioshwe mapafu. Watapitisha mpira mwembamba puani mpaka kifuani, watamwaga maji ya chumvi, watayavuta tena, na maji hayo yatatoka na seli za ndani ambazo damu haiwezi kuonyesha. Aliniambia mara tatu kwamba naweza kukataa. Nilipomwambia Yaya, alikuwa ameegemea ukuta, hana nguvu tena ya kukanyaga cherehani. Dawa zilikuwa zimemkuta amechelewa, upande mmoja wa pafu ulikuwa umeshaliwa. "Wende," alisema. "Kama uko na kitu ndani, bakione. Pengine batanipatia na mi."

Nakumbuka chumba kile cha Lilongwe kuliko ninavyokumbuka nyuso. Kilikuwa safi, chenye baridi, kimenyamaza. Walinipulizia dawa kooni, yenye ladha ya ndizi iliyooza, na polepole ulimi wangu ukawa si wangu, koo likawa si langu, nikameza mate bila kujua kama nimemeza. Ulemu alinishika mkono. Mpira ulipopita nilikohoa kidogo, kisha maji yakaingia, nikayasikia kama baridi iliyo mbali, kama maji yanayomwagwa kwenye nyumba ya jirani. Daktari alikuwa akisema, "Vizuri, vizuri, karibu tumalize." Chupa ilijaa maji yenye povu juu, meupe kama ya kuoshea mchele. Nililala pale nikiangalia dari na kungoja hofu ije. Haikuja. Baadaye koo lilizinduka, likaanza kuwasha, nikapewa chai na mkate. Lakini ile hali nyingine, ya kuona mambo yakinitokea kama kwa mtu wa pembeni, haikuzinduka na koo. Nilirudi nayo Dzaleka.

Yaya alifariki Jumapili, watu wakiwa kanisani. Nilikuwa nakoroga uji. Aliniita, "Espe," si kwa nguvu, kama mtu anayeuliza kama upo, nami nikasema nakuja. Nilipofungua pazia alikuwa na damu mdomoni na kwenye blanketi, nyingi, nyekundu sana, na macho yake yalikuwa yakiniangalia bado kwa muda mfupi, kisha yakawa yanaangalia tu. Kwaya ilikuwa ikiimba. Nilimfuta uso. Nilirudi kuutoa uji motoni usiungue. Kisha nikatoka mlangoni nikasimama, nikimngoja mtu apite ili nimwambie, na wa kwanza kupita alikuwa muuza mafuta, kijana wa Kirundi asiyetufahamu, nikamwambia yeye.

Sikulia. Si wakati wa kumwosha, si kanisani, si makaburini, walipomfunika kwa ule udongo mwekundu na akina mama wakaanguka chini mmoja mmoja wakipiga mayowe. Nilisimama. Mikono yangu ilikuwa imefungana mbele kama ya mtu anayengoja kuitwa ofisini. Usiulize mtu aliye katika hali ile kama anahuzunika, hajui. Nilijua tu kwamba kiatu changu kimoja kilikuwa kimeingia maji, na kwamba ile sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa siku ile ilikosa chumvi. Nikiwa nyuma ya pazia, nimekaa kwenye ukingo wangu wa kitanda, niliwasikia waliokuwa wakiosha vyombo nje.

"Hakutoa hata tone."

"Na bamelala kitanda kimoja. Mwaka muzima."

"Njo ile mi ninauliza. Mwengine anakufa, mwengine hata kikohozi hana. Inawezekana namna gani?"

"Na bazungu banakuya kumutoa damu kila mara. Baliona nini ndani yake?"

Hakukuwa na mzungu yeyote, alikuwa Ulemu wa Area 23 na sanduku lake la barafu. Lakini neno lilikuwa limeshatembea. Kambini neno halihitaji kabaza, baiskeli ya abiria, linafika mbele yako kwa miguu. Katika wiki zilizofuata hakuna aliyenitukana. Wateja wa Yaya walikuja kuchukua vitambaa vyao visivyoshonwa, wakasimama nje. Kanisani benchi langu lilianza kuwa na nafasi. Mama Furaha alihamisha mboga zake kutoka mlango wetu, akasema jua limekuwa kali pale, na kivuli kilikuwa pale pale. Kisha pasta wetu, mtu mwema aliyekuwa akiogopa kelele, alinijia akaniambia kwa upole kwamba baadhi ya waumini wanaomba nihame sehemu nyingine ya kambi, au niende mjini, mpaka mambo yapoe. "Mi sisemi we ni mulozi," alisema. "Ninasema tu, bantu banaogopa." Nilimwambia nimesikia. Neno mulozi, mchawi, lilipita mbele yangu kama vile maji ya Lilongwe, mbali, kwa jirani. Huo ndio ubaya wa ganzi: hata mtu anapotaka kukutoa kwenye nyumba yako, huna nguvu ya kumpinga.

Katika hali hiyo daktari alinikuta. Alikuja mwenyewe na Ulemu, bila gari la kazi. Walishuka barabara kuu wakapanda kabaza mpaka kwetu, na sketi ya daktari ilikuwa na mafuta ya mnyororo. Alisema "Pepani, pole sana," akaketi kwenye kiti cha cherehani. Mama Furaha na mwanamke mwingine walikuwa mlangoni, wamejifanya wamekuja kusalimia. Kisha daktari akasema amekuja kwa jambo ambalo hakutaka kulileta kwa simu. Ile damu ya Zawadi, waliyoichukua mwanzoni kabisa, haikuwa imetumika yote. Seli zake walizitenga wakazigandisha, na bado wanazo. Mimi ndimi ndugu aliyebaki. Nikitaka watazitumia katika utafiti. Nikitaka wataziharibu. Nikitaka kitu kingine, niseme.

Nilimuuliza kitu cha kwanza kilichonijia. "Zimekufa?"

Alimwangalia Ulemu kabla ya kujibu. "Hapana," alisema. "Zimelala kwenye baridi kali. Tukizipasha moto vizuri, nyingi zitaamka."

Nilifasiri kwa sauti, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu. Mama Furaha akapiga kofi mapajani. "Yesu! Zawadi tumemuzika, na sehemu yake iko muzima Lilongwe?" Akaingia ndani kabisa, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Balete. Tuzike yote. Mutu anazikwa yote." Yule mwenzake akasema wasilete, nani anajua kitakachokuja nazo. Wakaanza kubishana, pale ndani, kuhusu dada yangu. Daktari hakuelewa maneno lakini alielewa mambo. Alikunja mikono yake mapajani na kungoja. Nami nikashangaa kusikia sauti yangu. Nilisema nataka kwenda kuziona kwanza.

Nilikwenda baada ya siku chache, nikalala kwa Ulemu huko Area 23, nyumba ya vyumba viwili pembeni ya mashine ya kusagia mahindi, unga umetanda juu ya kila jani. Mama yake alinipa nsima na usipa, dagaa wa ziwani, akanitandikia karibu na mlango, hakuniuliza lolote. Asubuhi tuliingia maabara. Walinivalisha koti jeupe na glavu. Tangi lilikuwa kama pipa la maziwa, na Ulemu alipofungua kifuniko moshi mweupe wa baridi ulimwagika ukatambaa sakafuni mpaka miguuni pangu. Daktari aliingiza mkono wenye glavu nene, akatoa kichupa kidogo, kisichozidi kidole cha mtoto, chenye namba tu. Hakikuwa na jina lake. Alikishika kwenye maji ya uvuguvugu, akikitikisa polepole, na nikaona ile barafu ndani ikiyeyuka.

Alieleza kila alichofanya, kama alivyofanya siku ile kwenye benchi. Aliziosha seli, akachukua tone, akalichanganya na rangi ya buluu. "Zilizokufa zinanywa rangi," alisema. "Zilizo hai zinaikataa." Kisha akasogea, akaniachia kiti cha hadubini.

Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe. Ulemu akanirekebishia. Kisha zikatokea: duara ndogondogo, nyingi, zimetawanyika kwenye weupe. Chache zilikuwa za buluu. Zilizobaki zilikuwa angavu, zinang'aa ukingoni, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi ukipigwa na mwanga. Niliziangalia. Nilijua kwamba nazitazama kama mtu anavyotazama kitu cha maana sana, na kwamba ndani yangu bado hapakuwa na kitu. Niliuliza kama zinaweza kujua kwamba mwenyewe hayupo. Daktari alisema haziwezi. Niliuliza kama ni hizo zisizosoma. Alisema baadhi tu, chache, na kwamba kuzijua kunahitaji kuzichokoza: ataziwekea vijidudu vilivyouawa, vya ukoo mmoja na vile vya tebe, aziache mpaka kesho, kisha azipitishe kwenye mashine inayotambua zipi zimeamka. Baada ya hapo hazitabaki. Kichupa ni hicho kimoja.

Nadhani alitegemea niombe muda. Nilifikiri kuhusu Mama Furaha na kaburi. Nilifikiri kwamba Yaya hakuwa mtu wa kukaa kwenye baridi akingoja. Nikasema, "Zichokozeni."

"Na zako?" aliuliza. "Ningependa kuzifanya pamoja, sambamba. Ninazo za siku zile zile."

Nikasema sawa.

Kesho yake daktari alituita mbele ya kompyuta. Mashine ilikuwa imezigeuza seli kuwa nukta, maelfu ya nukta, wingu kubwa kushoto na pembeni juu kulia kundi dogo lililojitenga. Hilo kundi dogo, alisema, ndilo lenyewe: limeamka. Aliweka picha mbili, moja kando ya nyingine. Nilitazama nikitafuta tofauti. Nilijua ipo, ndiyo niliyokuja kuifuata bila kujiambia. Lazima kwangu zingekuwa nyingi na kwake chache, au kwake hakuna kabisa, na hilo lingekuwa jibu, na jibu ningelipeleka Dzaleka nikaliweka mbele ya watu.

"Ipi yangu?" niliuliza.

Daktari alivua miwani aliyokuwa akivaa kwa kazi. "Mimi mwenyewe nisingejua," alisema. "Ungenipa hizi mbili bila namba, nisingeweza kukuambia ipi ni ya dada aliyeugua na ipi ni ya dada ambaye hakuugua."

"Kwa hiyo zake..."

"Zake ziliamka. Kama zako. Haraka kama zako."

"Basi kwa nini?"

Alikaa. Niliona akitafuta maneno, si ya kunidanganya bali ya kunipa kitu, maana nilikuwa nimetoka mbali na nilikuwa nimempa maji ya kifua changu na seli za mwisho za dada yangu. Alisema hii ni damu tu, huenda mapafuni mambo yalikuwa tofauti. Alisema watu wawili si kitu katika utafiti, kwamba wanahitaji wengi. Alisema huenda alivuta vijidudu vingi zaidi kwa mtu mwingine, zamani, kabla ya Dzaleka. Kisha akaacha. "Sijui, Espe," alisema. "Nimesoma miaka yote hii, na sijui. Ninachojua ni kwamba hakuwa dhaifu. Mwili wake haukulala. Ulipigana."

Nilisema zikomo, ahsante. Nilivua koti, nikalikunja, nikaliweka mezani, nikatoka nje mpaka kwenye ngazi, ambako mlinzi alikuwa akinywa soda. Nilitaka kumuuliza njia ya kwenda stendi. Nilipofungua mdomo ilitoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia, wala mlinzi hakuwahi, kwa kuwa aliangusha chupa. Nikakaa chini. Nikamlilia Yaya pale, kwenye saruji ya watu, nikimwita kwa jina, nikimwambia maneno ya Bukavu ambayo hakuna mtu Lilongwe nzima angeyaelewa, mpaka kamasi na machozi vikawa kitu kimoja. Daktari alitoka. Hakuniambia ninyamaze. Aliketi ngazini kando yangu, na nilipoinua uso baadaye niliona naye amelowa, akijifuta kwa mkono wa koti lake jeupe. Watu waliokuwa wakipita walituona wanawake wawili wakilia, wakatupisha kwa heshima, kama inavyopaswa pale penye msiba.

Mara nyingi nimejiuliza kama angepaswa kunipa uongo mdogo. Uongo ungenisaidia kambini. Mtu akisema "ana seli kali" watu huelewa, kama wanavyoelewa damu nzito na nyota kali. Lakini uongo huo ungemfanya Yaya kuwa mtu aliyepungukiwa na kitu, na ningeishi nao chumba kimoja. Utafiti ule uliendelea miaka, na Ulemu aliniambia baadaye kwamba waliopitia hadubini ile walikuwa wengi, na kwamba picha haijawa rahisi: seli hizo kwa wengine ni nyingi na bado wanaugua, kwa wengine ni chache na wanabaki wazima, zinasaidia mahali fulani, wakati fulani, si peke yake. Daktari Tamanda amekufa akiwa bado anauliza. Sioni kwamba alishindwa.

Nilirudi Dzaleka nikiwa na macho yaliyovimba, na nilipofika sikujificha. Jumapili, baada ya ibada, nilimwomba pasta nafasi, nikasimama mbele. Nikasema kwa lugha yetu: "Damu ya Yaya na yangu iko sawa. Nimeona na macho yangu. Aligonjwa, mi sikugonjwa, na hata docteur hajue sababu. Kama docteur hajue, na mi sijue, nani kati yenu anajue? Mwenye anajue asimame." Hakuna aliyesimama. Sauti ilinikatika katikati, nikalia tena mbele yao, na sina hakika kama ni maneno au ni machozi yaliyofanya kazi. Wengine waliendelea kuniogopa. Mmoja ananiogopa mpaka leo, ananisalimia kutoka ng'ambo ya njia. Lakini habari ya kunihamisha haikutajwa tena.

Mwisho wa mwaka ule, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, nilikuwa chumbani nikijaribu kuinyoosha sketi ya mteja, maana nilikuwa nimeanza kujifunza ile cherehani kwa shida. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Furaha. Alisimama nje, kitenge amejifunga mpaka kifuani, na hakuwa na mboga. Alisalimia. Akauliza habari ya kazi. Akasema mvua ni nzuri. Kisha akageuka pembeni akakohoa, kikohozi kirefu cha chini, na nilikitambua kabla hakijaisha.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu mavumbi." Alikuwa akiangalia miguu yake. "Bwana hajue. Batoto habajue. Minaogopa kuenda peke yangu, Espe. We unajua pale namna banafanya."

Nilizima taa niliyokuwa nikishonea, nikatafuta viatu. Hakuingia ndani, nadhani aliogopa kuniambukiza, na hilo lilinigusa kuliko angeniomba msamaha. Nilifunga mlango, nikamshika mkono, tukashika njia ya zahanati tukiruka madimbwi, yeye upande wa kushoto akikohoa, mimi upande wa kulia, karibu karibu, kama wanavyotembea ndugu.